FAINALI YA KOMBE: SIKU MOJA, MSHINDI MMOJA



Jumapili tarehe 25 Julai, 2021, mji wa Kigoma ulijaa watu. Wengine walivaa nyekundu na nyeupe. Wengine walivaa kijani na njano. Siku hiyo Simba na Yanga zilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho katika uwanja wa Lake Tanganyika. Vilabu hivi viwili ni vya Dar es Salaam. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilometa 1,200. Lakini safari hii mpira wenyewe uliwafuata wananchi wa Kigoma kwao.

Simba ilishinda kwa goli 1-0. Mchezo ukaisha, kombe likatolewa, watu wakarudi makwao.

Lakini katika kijiji kimoja cha mwambao wa ziwa, ambako nilikuwa nikifundisha kisomo, mchezo haukuisha. Leo nataka kukueleza kisa hicho. Kisha tujifunze pamoja fainali ya kombe ni kitu gani, na huamuliwaje.

UGOMVI WA MTUMBWI

Kijijini hapo walikuwepo majirani wawili. Walikuwa wakivua dagaa pamoja. Mtumbwi waliununua kwa kuchanga. Wavu ulikuwa wa mmoja, na taa zilikuwa za mwingine. Mwenye wavu alikuwa mpenzi wa Yanga. Mwenye taa alikuwa mpenzi wa Simba. Kwa miaka mingi walitaniana, wakacheka, wakavua.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Taa huwavuta dagaa juu ya maji, nao wavu ukawakusanya. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haiwavuti vizuri. Kwa hiyo siku za mwezi mpevu wavuvi wengi hupumzika. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 24 Julai mwaka ule, yaani siku moja kabla ya fainali. Basi majirani wale walikuwa na nafasi. Wakaenda pamoja kutazama mchezo katika kibanda umiza.

Walikwenda pamoja, lakini hawakurudi pamoja.

Yule wa Yanga alirudi na hasira. Alisema, "Tumeonewa! Mtu wetu katolewa, na hatukuruhusiwa kuingiza mwingine. Kumi wanachezaje na kumi na mmoja?" Yule wa Simba hakumjibu. Alichukua kitambaa chekundu, akakifunga kwenye pua ya mtumbwi.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Mtumbwi ni wa wawili, lakini kitambaa ni cha mmoja. Asubuhi yake mwenye wavu aliubeba wavu wake akaupeleka nyumbani. Mwenye taa naye akazichukua taa zake.

Mwanzoni mwa Agosti giza liliingia. Wenzao walikwenda ziwani. Mtumbwi wao ulibaki mchangani. Wavu bila taa haushiki dagaa, na taa bila wavu ni mwanga wa bure.

Mama mmoja wa darasa letu hununua dagaa wabichi kwa wavuvi, akawaanika, akauza. Aliniambia, "Mwalimu, giza limeingia na mchanga wangu mtupu. Wewe unayetufundisha kusoma, hebu tusomee huo mpira. Mimi nimechoka kusikia kelele nisizozielewa."

Nikaona mama yule amesema kweli. Jioni ile niliacha somo nililokuwa nimeliandaa. Niliandika ubaoni maneno haya: FAINALI YA KOMBE. Majirani wale wawili walikuwepo darasani. Mmoja alikaa upande huu, mwingine upande ule.

LIGI NI NINI, NA KOMBE NI NINI?

Swali la kwanza alilitoa yule mama. Aliuliza, "Nimesikia Yanga iliifunga Simba mwezi wa saba. Mbona basi Simba ndiyo bingwa wa ligi?"

Ni swali zuri sana. Watu wengi wanaoshabikia mpira huchanganya ligi na kombe. Hebu tuvitenganishe.

Ligi ni mashindano ya msimu mzima. Kila timu hucheza na kila timu nyingine mara mbili: mara moja nyumbani na mara moja ugenini. Anayeshinda mchezo hupata pointi 3. Wanaotoka sare hupata pointi 1 kila mmoja. Anayeshindwa hapati kitu. Mwisho wa msimu pointi hujumlishwa. Mwenye pointi nyingi kuliko wote ndiye bingwa.

Ligi Kuu ya msimu wa 2020/21 ilikuwa na timu 18. Kwa hiyo kila timu ilikuwa na wapinzani 17. Tuhesabu:

17 × 2 = michezo 34.

Katika michezo hiyo 34, Simba na Yanga zilikutana mara mbili tu. Tarehe 7 Novemba, 2020 zilitoka sare 1-1. Tarehe 3 Julai, 2021 Yanga ilishinda 1-0. Basi katika michezo hiyo miwili Yanga ilipata pointi 1 na pointi 3, jumla 4. Simba ilipata pointi 1 tu.

Lakini ilibaki michezo mingine 32 ambayo kila mmoja alicheza na timu nyingine. Huko ndiko Simba ilikokusanya pointi nyingi zaidi. Ndiyo maana Simba ilikuwa bingwa wa ligi, ingawa Yanga iliifunga.

Ligi ni kama kilimo cha msimu mzima. Siku moja ukiumwa, hukulima, mwenzako akakupita. Lakini mwisho wa yote watu hupima magunia. Hawapimi kazi ya siku moja.

Kombe ni kitu kingine. Katika kombe anayeshindwa hutoka mara moja. Hakuna kujumlisha pointi. Hakuna kusema, "Nitafidia wiki ijayo." Ukifungwa leo, umekwenda nyumbani.

Yanga ilipoishinda Simba tarehe 3 Julai, Simba ilipoteza pointi 3, lakini iliendelea na safari yake. Siku 22 baadaye timu zilezile zilikutana Kigoma. Safari hii aliyeshindwa hakuwa na siku nyingine. Hiyo ndiyo tofauti, na ndiyo sababu roho za watu hudunda sana siku ya fainali.

TUHESABU PAMOJA

Hebu tuone jinsi kombe linavyokwenda. Tuseme vijiji 8 vinashindania kombe.

Hatua ya kwanza: vijiji 8 vinacheza michezo 4. Vijiji 4 vinatoka, 4 vinabaki. Hatua hii huitwa robo fainali.

Hatua ya pili: vijiji 4 vinacheza michezo 2. Vijiji 2 vinatoka, 2 vinabaki. Hatua hii huitwa nusu fainali.

Hatua ya tatu: vijiji 2 vinacheza mchezo 1. Hiyo ndiyo fainali. Anabaki mshindi mmoja.

Jumlisha: 4 + 2 + 1 = michezo 7.

Iko njia fupi zaidi. Kila mchezo humtoa mmoja. Kama tunataka abaki mmoja katika 8, ni lazima 7 watolewe. Basi michezo ni 7. Kama timu ni 16, michezo ni 15. Kama timu ni 64, michezo ni 63. Wanakisomo wangu walipoiona njia hii walifurahi. Mzee mmoja alisema, "Kumbe kombe ni hesabu ya wanaoondoka, si ya wanaobaki!" Kweli kabisa.

Mwaka 2021 Yanga ilifika fainali kwa kuifunga Biashara United ya Mara 1-0 katika nusu fainali iliyochezwa Tabora. Simba iliifunga Azam 1-0 katika nusu fainali iliyochezwa Songea. Wakabaki wawili, nao ni watani wa jadi. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936. Utani wao una umri kuliko wengi wetu tuliokuwa darasani jioni ile.

FAINALI YA KIGOMA

Sasa tuingie uwanjani.

Simba iliongozwa na kocha Didier Gomes kutoka Ufaransa. Yanga iliongozwa na kocha Nasreddine Nabi kutoka Tunisia. Kipindi cha kwanza kilikuwa kigumu. Hakuna timu iliyopata goli.

Mwishoni mwa kipindi hicho lilitokea jambo lililobadili mchezo. Mukoko Tonombe, kiungo wa Yanga aliyetoka Kongo, alimpiga kiwiko John Bocco, nahodha wa Simba. Refa akatoa kadi nyekundu. Mukoko akatoka nje. Yanga ikabaki na wachezaji 10.

Hapa ndipo jirani yetu wa Yanga aliponyosha mkono. Alisema, "Mwalimu, hapo ndipo ninapotaka. Yanga ilikuwa na watu wa akiba wamekaa nje, wazima kabisa. Kwa nini asiingie mmoja?"

Darasa zima likanyamaza. Niliandika sheria ubaoni kwa maneno mepesi. Kisha nikamwomba yeye mwenyewe aisome. Alikuwa amehitimu kisomo. Alisimama, akaweka kidole hewani, akafuata neno kwa neno:

Mchezaji aliyetolewa kwa kadi nyekundu haruhusiwi kurudi uwanjani. Timu yake hairuhusiwi kuingiza mtu mwingine mahali pake.

Alipomaliza aliisoma tena, safari hii kimoyomoyo.

KWA NINI SHERIA IKO HIVYO?

Tuitazame sababu yake. Kuna njia mbili za mchezaji kutoka uwanjani.

Njia ya kwanza ni kubadilishwa. Mchezaji amechoka, au ameumia, au kocha anataka mtu mwingine. Anatoka mmoja, anaingia mmoja. Timu inabaki na watu 11.

Njia ya pili ni kufukuzwa. Mchezaji amefanya kosa kubwa, kama kumpiga mwenzake. Au amepata kadi ya njano mara mbili katika mchezo mmoja. Huyu anaonyeshwa kadi nyekundu. Anatoka mmoja, haingii mtu.

Sasa fikiri. Kama anayefukuzwa angeingiziwa mwingine, adhabu ingekuwa wapi? Kocha mbaya angemtuma mchezaji wa akiba akamuumize mshambuliaji hodari wa wenzake. Angetolewa huyo, akaingia mwingine. Mpira ungekuwa vita. Sheria inataka timu nzima isikie uchungu wa kosa la mtu wao, ili kila mchezaji ajizuie kabla hajanyanyua mkono.

Sheria hii si ya Simba wala ya Yanga. Ni ya dunia nzima. Siku Simba ikipata kadi nyekundu, nayo hucheza pungufu vilevile. Tena ziko kadi zinazoweza kuumaliza mchezo. Timu ikibaki na wachezaji chini ya 7, mchezo hauendelei.

Je, ni haki mtu kubishana kwamba refa ameona vibaya? Kubishana kunaruhusiwa. Refa ni binadamu, naye hukosea. Lakini kusema refa amekosea ni jambo moja, na kusema sheria haipo ni jambo jingine. Jirani yetu alikuwa akipigana na sheria asiyoijua. Na mtu asiyejua sheria huona kila hukumu ni uonevu. Hivyo ndivyo ilivyo hata katika mambo ya shamba, ya mirathi na ya mikopo.

KONA NA GOLI

Kipindi cha pili kilianza, Yanga wakiwa 10. Uwanja wa mpira una urefu wa karibu meta 100. Kazi ya watu 11 ikifanywa na watu 10, kila mmoja hukimbia zaidi. Yanga hawakukata tamaa. Walilinda goli lao kwa zaidi ya nusu saa.

Zilipobaki kama dakika kumi, Simba ikapata kona. Kona ni nini? Mpira ukiguswa mwisho na timu inayolinda, kisha ukatoka nje kwa kupita mstari wa nyuma pembeni mwa goli, wenzao hupewa kuupiga kutoka kwenye pembe ya uwanja. Pembe hiyo ndiyo kona.

Kona ina hatari yake. Wachezaji wengi husimama karibu na goli, wakasukumana, wakarukaruka. Anayelinda anatakiwa amwangalie mtu wake na mpira kwa pamoja. Akipotea mara moja tu, basi.

Mpira ulipigwa. Taddeo Lwanga wa Simba akaupiga kwa kichwa, ukaingia. Goli!

Lwanga ni Mganda. Hakuwa mshambuliaji. Alikuwa kiungo, na kazi yake hasa ilikuwa kuzuia. Lakini wakati wa kona hata wazuiaji hupanda mbele. Hapo tunajifunza kwamba katika fainali kombe linaweza kuletwa na mtu ambaye watu hawakumtazamia.

Je, goli lile lilitokana na upungufu wa mtu mmoja? Hakuna awezaye kusema kwa hakika. Timu za watu 11 nazo hufungwa kwa kona kila wiki. Lakini tunaweza kusema kwamba watu 10 waliokimbia kazi ya 11 huchoka mapema, na mtu aliyechoka huchelewa kuruka.

Filimbi ya mwisho ikapigwa. Simba 1, Yanga 0.

KAMA ZINGETOKA SARE?

Swali la tatu lilitoka kwa jirani wa Simba. Aliuliza taratibu, bila kejeli, "Mwalimu, na kama lile goli lisingeingia?"

Katika ligi sare inakubaliwa. Katika fainali ni lazima mshindi apatikane. Dakika 90 zikiisha kwa sare, huongezwa dakika 30, yaani dakika 15 mara mbili. Zikiisha nazo bado ni sare, hupigwa penalti.

Penalti hupigwa kutoka meta 11 mbele ya goli. Anayepiga ni mmoja, na anayedaka ni mmoja. Kila timu hupiga 5. Wakiwa bado sawa, huendelea kupiga moja moja mpaka mmoja apate na mwingine akose.

Wakati ule nilimjibu kwa sheria tu. Leo ninao mfano mzuri. Mwaka 2022 Yanga ilicheza fainali na Coastal Union ya Tanga katika mji wa Arusha. Baada ya dakika 120 zilikuwa sare 3-3. Magoli yote matatu ya Coastal yalifungwa na kijana mmoja, Abdul Suleiman, ajulikanaye kwa jina la Sopu. Kisha penalti zikapigwa, na Yanga ikashinda 4-1. Kijana aliyefunga magoli matatu katika fainali akaenda nyumbani bila kombe. Mwaka 2024 pia, huko Zanzibar, Yanga na Azam hazikufungana kabisa. Yanga ikashinda kwa penalti 6-5.

Kombe halina huruma. Linampa mmoja tu.

KOMBE HULETA NINI?

Wengine huuliza faida ya kombe ni nini, zaidi ya chombo cha kung'aa na picha.

Faida moja ni safari. Bingwa wa ligi huenda kushindana katika Klabu Bingwa Afrika. Mshindi wa kombe la nchi huenda katika Kombe la Shirikisho Afrika. Ikiwa mshindi wa kombe ni yule yule bingwa wa ligi, nafasi humwendea mwingine kufuatana na kanuni za mwaka huo.

Faida nyingine ni kwamba kombe hufungua mlango kwa timu za mikoani. Katika ligi ya michezo mingi, timu yenye fedha na wachezaji wengi wa akiba hufika mbali. Katika kombe timu ndogo inahitaji siku chache nzuri. Mwaka 2017 Mbao ya Mwanza ilifika fainali, ikaisumbua Simba mjini Dodoma mpaka dakika za nyongeza. Ilifungwa 2-1. Mwaka 2018 Mtibwa Sugar ya Morogoro ilichukua kombe kwa kuifunga Singida United 3-2. Mwaka 2019 Lipuli ya Iringa ilifika fainali, ikafungwa na Azam 1-0 huko Lindi.

Mwaka 2020 Namungo ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi, ilifika fainali. Ilifungwa na Simba 2-1 mjini Sumbawanga. Lakini kwa kuwa Simba ilikuwa pia bingwa wa ligi, Namungo ndiyo iliyokwenda katika Kombe la Shirikisho Afrika, ikafika mpaka hatua ya makundi. Aliyeshindwa fainali alipata safari.

Tena angalia miji niliyoitaja: Dodoma, Arusha, Lindi, Sumbawanga, Kigoma. Fainali hupelekwa mahali mbalimbali. Mama muuza samaki, mwenye baiskeli ya kubeba watu, mwenye nyumba ya wageni, wote hupata chochote siku hiyo.

BAADA YA FILIMBI

Turudi darasani. Nilipomaliza, jirani wa Yanga alisimama. Alisema, "Sheria nimeielewa. Nimeisoma mwenyewe. Kadi ilikuwa yetu, na goli lilikuwa lao. Hilo nimelikubali. Lakini kile kitambaa?"

Watu wote walimgeukia jirani wa Simba. Yule bwana aliinamisha kichwa. Akasema, "Kitambaa ni changu, na kosa ni langu. Mtumbwi si wangu peke yangu."

Hawakukumbatiana. Watu wazima hawamalizi mambo kama katika hadithi. Lakini asubuhi iliyofuata nilipita ufukweni, na pua ya mtumbwi ilikuwa haina kitu. Siku ya pili jioni nikaona wavu umerudi ndani ya mtumbwi. Usiku ule ziwani kulikuwa na taa nyingi. Sikuweza kujua zao ni zipi, lakini yule mama alijua. Siku chache baadaye mchanga wake ulikuwa mweupe kwa dagaa.

Tangu hapo mpira umegeuka. Yanga imechukua kombe hilo mwaka 2022, 2023, 2024 na 2025. Aliyecheka Kigoma akanyamaza miaka minne. Nilipokitembelea tena kijiji kile niliutazama mtumbwi. Haukuwa na kitambaa chekundu, wala cha kijani, wala cha njano.

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Mimi naongeza kwamba asiyejua kushinda naye si mshindani. Aliyeshindwa akubali, na aliyeshinda asimchome mwenzake pale anapopatia riziki.

Basi, ndugu msomaji, siku ya fainali ijayo kumbuka mambo matatu:

1. Jua sheria kabla ya kulaumu. Kama huijui, muulize anayeijua, au itafute uisome.

2. Usiweke mali ya nyumbani kwa ajili ya mchezo. Mbuzi, baiskeli na fedha ya ada ya mtoto havichezi mpira. Timu ikifungwa, wachezaji hulipwa mshahara wao. Wewe hulipwi na mtu.

3. Utani uishe na jioni yake. Kesho yake kuna shamba, kuna ziwa, kuna kisima cha wote.

Kombe lina mshindi mmoja. Mtumbwi una wenyewe wawili.

MANENO YA KUKUMBUKA

Fainali: mchezo wa mwisho unaomtoa mshindi.
Ligi: mashindano ya msimu mzima yanayohesabiwa kwa pointi.
Sare: kulingana, hakuna aliyeshinda.
Kona: mpira unaopigwa kutoka pembe ya uwanja.
Kiungo: mchezaji wa katikati, kati ya walinzi na washambuliaji.
Wachezaji wa akiba: wale wanaokaa nje wakingoja kuingia.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini Yanga iliifunga Simba tarehe 3 Julai, 2021, lakini Simba ikawa bingwa wa ligi?
2. Timu 32 zikishindania kombe, michezo itakuwa mingapi? Eleza ulivyopata jibu.
3. Kuna tofauti gani kati ya mchezaji anayebadilishwa na mchezaji anayefukuzwa?
4. Katika kijiji chenu, ni jambo gani watu hugombania kwa sababu hawajui sheria yake? Mwaweza kuisoma wapi?